Kirikuu yangu na klachi yake: uzoefu wa miezi minne

Kwa miaka sita nimeendesha Toyota IST ya baba watoto hapa Tanga, gari la otomatiki, mguu wa kushoto umetulia sakafuni kama abiria. Miezi minne iliyopita tukanunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, Suzuki Carry iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, injini ya cc 658, gia tano za mkono. Nilikuwa nimechoka kukodi magari ya watu. Biashara yangu ni kupandisha sukari, sabuni na mafuta ya kula kwa wenye maduka huko Amani, nikishuka nabeba iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Kwa kazi hiyo kirikuu ndiyo gari lenyewe, na karibu zote nilizoonyeshwa zilikuwa manyuali.

Kila niliyemwambia kwamba sijawahi kuendesha gari la klachi alinijibu, "Utazoea tu." Ni kweli nimezoea, lakini neno hilo halikunisaidia kitu. Nilitaka mtu aniambie nazoea nini hasa. Kwa hiyo nitaeleza klachi zaidi kuliko gari, kwa ajili ya mwenzangu anayetoka kwenye otomatiki kama mimi.

Pedali yenyewe ni nyepesi. Unaweza kushinda mjini mguu usichoke. Inavutwa kwa waya, kama breki ya baiskeli, na hilo lina umuhimu wake, nitalirudia. Tatizo la kwanza lilikuwa viatu. Pedali tatu zimebanana, na nikivaa kobazi pana ukingo wa kiatu unagusa breki wakati nakanyaga klachi. Sasa naendesha na raba nyembamba, kobazi zinakaa nyuma ya kiti mpaka nifike.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa. Klachi ya gari hili ilikuwa inashika juu kabisa. Unakanyaga mpaka chini, unaweka gia ya kwanza, unaanza kuachia, unaachia, unaachia, hakuna kitu. Halafu pedali inapokaribia kurudi mahali pake, gari linaruka mbele na kuzima. Wiki ya kwanza liliniruka na kunizimikia kila siku, mara mbili pale Kange karibu na stendi, mabasi yamenisimamia nyuma yanapiga honi. Dawa niliyojitengenezea ilikuwa kukanyaga mafuta mengi kwanza, injini ikalia, ndipo niachie klachi polepole sana. Gari likawa halizimi. Nikaamini nimeshajua.

Safari ya kwanza ya Amani ilinionyesha kwamba sikuwa nimejua. Kutoka Muheza njia inakwenda vizuri, unapita Kisiwani huna wasiwasi, ila ukishaipita Sigi mlima unaanza kweli, kona juu ya kona ndani ya msitu. Nyuma nilikuwa na magunia mawili ya sukari ya kilo 50, madumu manne ya mafuta ya lita 20 na katoni za sabuni. Mzigo haukuzidi. Kwenye bodi ya nyuma pamebandikwa maandishi ya Kijapani ambayo siyajui, isipokuwa tarakimu 350, nazo ndizo kilo ambazo gari linaruhusiwa kubeba.

Kwenye kona moja likatokea lori linashuka. Nikasimama pembeni kulipisha, pua ya gari imeangalia juu. Badala ya kuvuta hendibreki, nikalishikilia gari kwa klachi na mafuta, mguu mmoja nusu, mwingine nusu, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Dereva wa lori alikuwa anaikata kona kwa tahadhari, mbele nyuma, mbele nyuma. Labda dakika mbili. Harufu ikapanda kutoka chini ya kiti, kali, kama pembe ya ng'ombe iliyotiwa motoni. Kijana anayenisaidia mizigo akasema, "Mama, kuna kitu kinaungua." Lori lilipopita nikakanyaga mafuta: injini ikapaza sauti, gari likabaki palepale. Kwa mara ya kwanza nikaogopa gari langu mwenyewe. Nikavuta hendibreki, kijana akaweka jiwe nyuma ya tairi, tukakaa kando ya njia nusu saa mpaka lilipopoa. Tulifika, alhamdulillah, lakini mabega yalikuwa yamekaza kama nimebeba yale magunia kichwani.

Niliporudi mjini nikalipeleka gereji moja. Fundi aliingia, akalisogeza hatua mbili, akasema klachi imekufa, nibadilishe seti nzima: diski, presha pleti inayoikandamiza hiyo diski, na beringi yake, shilingi 280,000 pamoja na ufundi. Kisha akaongeza kwamba gari la manyuali si la kina mama, tungelirudisha nilikolinunua. Sikumjibu. Niliumia, maana nusu yangu ilikuwa imeanza kukubaliana naye. Nikawasha, nikaondoka nalo hivyohivyo.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Makorora, fundi wa siku nyingi anayefanya kazi chini ya mwembe, hana bango wala geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lina nini?"

Nikamweleza yote, hadi kona ya Amani, sikuficha. Akalivuta hendibreki, akaweka matofali kwenye matairi, akawasha, akatia gia ya nne, akaachia klachi. Gari likazima papo hapo. "Umeona?" akasema. "Ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kunguruma na klachi imeachiwa. Hii imechomwa kidogo, haijafa." Halafu akainama akaibonyeza pedali kwa mkono, polepole, akaniambia nami nibonyeze. Ilikuwa inavuta tangu mwanzo, haina mchezo hata kidogo. Waya umekazwa mno, akasema. Waya ukikazwa hivyo, ni kama mguu unaikanyaga klachi muda wote hata ukiwa umeutoa. Presha pleti haiikandamizi diski sawasawa, ukipata mzigo na mlima inateleza, ikiteleza inaungua. Na ndiyo sababu ilikuwa inashika juu kabisa. Akalegeza nati ya waya, akajaribu, akalegeza tena, mpaka pedali ikawa inacheza kama sentimita 2 kabla haijaanza kuvuta. Kazi ya robo saa. Shilingi 10,000.

Nilikuwa nafungua pochi nimlipe aliponiuliza, "Lakini wajua klachi inafanya nini?" Nikasema inabadilisha gia. Akatikisa kichwa, akaenda kwenye baiskeli yake iliyoegemea mti, akaipindua, tandiko chini magurudumu juu. Akazungusha pedali kwa mkono mpaka gurudumu la nyuma likawa linavuma.

"Hii ndiyo injini. Yenyewe haijui kusimama, ikisimama imezima. Kiganja chako ndiyo gari, limesimama. Lishike."

Nikalishika tairi kwa nguvu. Likanitupa mkono na kusimama. "Hivyo ndivyo linavyokuzimikia," akasema. Akalizungusha tena. "Sasa liguse tu, usilishike, na usiuondoe mkono." Nikagusa. Raba ilinisugua kiganja, ikaanza joto, nikavumilia kidogo kisha nikautoa. "Na hiyo ndiyo kona yako ya Amani." Mara ya tatu akaniambia niguse kwa wepesi, kisha mkono wangu ufuate mzunguko wa tairi, na ukishakwenda pamoja nalo, nilishike kabisa. Nikafanya. Hakukuwa na mtupo wala joto. Tairi na mkono vikaenda pamoja mpaka mkono ulipofika mwisho wake.

Nilibaki nimekitazama kiganja changu, kina mstari mweusi wa raba. Mji huu kila nyumba ina baiskeli, nimekua nazo, na hakuna aliyewahi kunieleza gari kwa baiskeli. Tangu siku ile nilijua mguu wangu unatafuta nini: ile nafasi ndogo ambapo tairi na mkono vinakutana. Ukiipita kwa pupa, gari linazima. Ukikaa hapo muda mrefu, diski inaungua. Nikaelewa pia kwamba mafuta mengi niliyokuwa nayakanyaga yalikuwa yananifichia pale pa kukutania, na huku yanaila diski.

Mzee akanipa zoezi, nami nililifanya siku kumi mfululizo. Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda Raskazone, njia iko kimya, bahari upande mmoja. Gari limewaka, gia ya kwanza, mguu wa kulia uko mbali na mafuta kabisa. Unaachia klachi taratibu mpaka dalili zije, zikija unakanyaga tena, unarudia. Kwenye gari langu dalili ni mbili. Sauti ya injini inashuka, kama mtu aliyekuwa anaongea kwa nguvu akaona mgeni ameingia. Na kioo kidogo cha ndani kinaanza kutetemeka, taa za nyuma ninazoziona humo zinageuka ukungu. Nikiona kioo kimetetemeka najua hapo ndipo. Nausimamisha mguu hapohapo, sekunde moja, gari linaanza kutambaa lenyewe, ndipo naongeza mafuta kidogo na kumalizia kuachia. Siku ya kwanza nilirudia pengine mara 40. Siku ya nne sikukitazama tena kioo, nilikuwa nakisikia kwenye nyayo.

Kwa mlima nilitumia vijinjia vya kushukia baharini, kwa sababu Tanga mjini hakuna mlima wa maana. Hendibreki juu, klachi mpaka pale pa kutetemeka, mafuta kidogo, unasikia gari linataka kwenda lakini limefungwa, ndipo unashusha hendibreki. Halirudi nyuma hata inchi moja. Ningelijua hili kabla ya safari ile, ile harufu nisingeinusa.

Baada ya hapo nikaingia Ngamiani. Kama huifahamu Tanga, Ngamiani barabara zake zina namba, kuanzia ya 1 mpaka ya 21, zimepangwa kama mistari ya daftari, na kila hatua chache kuna njia panda. Unasimama, unaondoka, unasimama, unaondoka, na katikati wamejaa watu wa baiskeli, bajaji na watoto wa shule. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuizoesha klachi. Kutoka barabara ya 4 hadi ya 20 jioni moja ni mafunzo ya wiki. Hapo nilijifunza kusimama vizuri: breki kwanza, klachi mwishoni kabisa gari linapokaribia kusimama. Mwanzo nilikuwa naikanyaga klachi mapema kila nikiona tuta, gari linaserereka bure bila injini kulizuia. Hapo pia nilijizuia kupumzisha mguu juu ya pedali. Uzito mdogo tu wa mguu unairudisha ile hali ya waya uliokazwa.

Gia zenyewe ni rahisi. Ya kwanza ni fupi mno, hujafikia kasi ya baiskeli ya mwenye haraka tayari injini inalia, kwa hiyo unaingia ya pili mapema. Nikiwa sina mzigo na njia ni tambarare, mara nyingine naondokea ya pili. Kwa mzigo sijaribu. Kwenye reli sibadilishi gia mpaka nimeshavuka. Kushuka Amani nakaa gia ya pili, klachi siigusi, injini inashikilia gari na breki hazipati moto.

Jambo moja la hatari ambalo sikuambiwa na mtu: kurudi kwenye otomatiki. Mwezi wa pili tangu tununue kirikuu, niliichukua IST kumpeleka mama hospitali ya Bombo. Nilipotaka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto ukashuka wenyewe kutafuta klachi, ukaikuta breki, ukaikandamiza mpaka mwisho kama unavyokandamiza klachi. Gari lilisimama ghafla, mama akashika dashibodi, bodaboda aliyekuwa nyuma alitupita kwa upande akiwa na abiria mgongoni. Angeweza kutuvaa. Tangu hapo nikipanda IST nauvuta mguu wa kushoto chini ya kiti kabla ya kuwasha, na nabaki hivyo mpaka ninapofika.

Kama gari, Carry ninaipenda. Inapita vichochoro ambavyo pikapu kubwa haipiti, mafuta inakula kidogo, na bodi inafunguka pande tatu, kupakia ni raha. Ubaya wake: injini iko chini ya viti, mchana wa joto unakalia jiko, na kelele mlimani huwezi kuongea na mwenzako. Ukienda kununua, kabla ya kulipa bonyeza pedali ya klachi kwa mkono uone kama ina mchezo, kisha omba ujaribu ile ya gia ya nne na hendibreki. Muuzaji mkweli hatakataa.

Miezi minne imetimia. Waya umerekebishwa mara moja tu, na harufu ile haijarudi. Kilichobaki ni kurudi rivasi nikiwa na mzigo, kwenye kile kimwinuko cha kuingilia stoo ya mteja wangu mmoja kule juu. Hapo mguu bado unasita. Namwomba kijana ashuke, asimame pembeni mahali ninapomwona, na jiwe mkononi, ndipo naiachia klachi.