Boksi la soketi vipande 108: miaka miwili chini ya Toyota IST yangu

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta: elfu 145, Gerezani, Dar es Salaam, Novemba 2023. Muuzaji alianzia 180. Basi langu la kurudi Morogoro lilikuwa linaondoka saa nane, sikuwa na muda wa kuvutana naye. Mwenye nafasi ya kukaa kwenye benchi lake akanywa kahawa nadhani angeondoka nalo kwa 130.

Ni lile boksi la plastiki gumu ambalo kila duka la vifaa linalo, jina lililobandikwa juu ndilo linalobadilika kila mzigo ukiingia. Ndani kuna soketi kubwa za nusu inchi (hicho ni kipimo cha tundu la kuchomekea racheti) kuanzia namba 10 hadi 32, namba zikiwa ni milimita za nati, ndogo za robo inchi kuanzia namba 4 hadi 14, ndefu kadhaa, soketi mbili za plagi (16 na 21), racheti mbili, yaani ile mipini inayolia kri-kri-kri, ekstensheni, yunivaso (kiungo kinachopinda), na rundo la vichwa vya bisibisi. Hivyo vichwa ndivyo vinavyoisukuma hesabu ifike 108. Ringi spana hamna hata moja, hizo utanunua peke yake. Kila kipande kimegongwa Cr-V. Mdogo wangu alipoona akaniuliza kwa nini nimenunua spana za Honda wakati nina Toyota. Ni kromu na vanadiamu, aina ya chuma tu, na kugonga herufi tatu kwenye chuma si kazi kubwa, msiichukulie kama hati.

Mimi si fundi. Nafundisha fizikia sekondari, na gari langu ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, cc 1500. Kabla yake nilikuwa na gari la Kijerumani, tamu ajabu kwenye lami, lakini muda mwingi lilishinda uani kama kuku anayeatamia. Nalitaja kwa sababu boksi hili ningelinunua enzi zile lingeozea stoo: nusu ya bolti zake zilikuwa na kichwa cha nyota kwa nje, na soketi za kuzishika hizo humu hamna. Toyota ni habari nyingine. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne, umemaliza karibu kila kitu ukiinua boneti. Chini unaongeza 17 na 19, matairi 21. Soketi zangu namba 13 na 15 bado zina mafuta ya kiwandani. Kwa hiyo mkisoma sifa ninazolimwagia boksi hili, jueni nyingine ni za gari.

Kilichonipeleka Gerezani ni nati ya kumwagia oili. Gereji moja ya hapa mjini, kijana aliikaza huku amekanyaga spana kwa mguu, nilimwona kwa macho yangu nikanyamaza kwa sababu mwanamke ukisema kitu gereji unaambiwa "madam, tulia, tunajua kazi". Safari iliyofuata fundi mwingine akaweka ringi ya meno kumi na mawili, ikateleza, ikateleza tena, kichwa cha nati kikawa mviringo kama goroli. Ushauri wake: tuchomelee nati nyingine juu, ikishindikana nikatafute sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ya mtumba. Kwa nati ya kumwagia oili!

Jumapili, siku moja baada ya kununua boksi, nikapandisha gari juu ya matofali ya zege na stendi mbili za kuazima. Jirani yangu ni dereva mstaafu wa malori, mzee wa watu, akaja na kigoda chake akakaa. Soketi namba 14 ya boksi hili ina pembe sita ndani, si kumi na mbili, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia dukani. Pembe sita zinashika ubavu wa nati, kumi na mbili zinashika pembe, na pembe ndizo zilizokuwa zimekwisha kulika. Haikuingia kwa mkono. Nikavaa miwani, nikaigonga kwa nyundo mara nne mpaka ikakaa.

"Mwanangu, usiivute kwanza," mzee akasema. "Isikilize."

Sikumwelewa. Akanionyesha kuvuta kidogo, kuacha, kuvuta kidogo, kuacha. Mara ya tano au ya sita ikatoa mlio mmoja mkavu, tak, kama kijiti cha muhogo mkavu kikivunjika, na oili nyeusi ikaanza kutiririka mpaka kwenye kiwiko changu. Soketi haikupata hata mkwaruzo. Nikanunua nati mpya na washa yake, na nati hiyo haijaguswa na mtu mwingine tangu siku ile. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni la lita 4 linakubakizia kidogo cha kujazia. Gereji nilikuwa nalipia galoni zima na sikuwahi kuona kilichobaki.

Sasa nizungumzie racheti, kwa sababu hapo ndipo boksi linaponyang'anywa nyota.

Ile kubwa ina mpini wa sentimita 25. Plagi za 1NZ zinataka kukazwa kwa newtoni-mita 18 hivi, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Gawanya kwa mpini huo, ni kama kubonyeza kwa kilo 7, mkono mmoja bila kukunja uso. Nati ya oili ni 38 hivi, yaani kilo 15. Nati za tairi ni 103, na hapo kwa mpini uleule unatakiwa utie kilo 42. Hiyo ni kukaza tu. Kufungua nati iliyokazwa na mashine ya upepo ya mtu wa pancha, ambaye haachii kitufe mpaka mashine ichoke, ni hesabu nyingine kabisa.

Nilipata pancha nikitokea Dodoma, nimeshaipita Gairo, jua la saa saba. Wili spana ya gari niliiacha nyumbani kwa kiburi cha kuwa na boksi. Racheti ikagoma. Nikaokota kipande cha bomba nilichokuwa nacho kwenye buti, nikakichomeka kwenye mpini, nikapanda juu. Nina kilo 68, bomba lilifika sentimita 75, pigeni wenyewe: newtoni-mita 500. Nati haikutikisika. Racheti ikasema krak, na tangu hapo ikawa inazunguka pande zote mbili kama pangaboi. Dereva wa lori la vitunguu akasimama, akatoa wili spana yake ya msalaba, akafungua zote nne kwa muda wa kuvuta sigara nusu, wala hakuniuliza kitu.

Niliporudi Gerezani kulalamika, muuzaji aliigeuza racheti mara moja tu.

"Uliweka bomba, dada."

Sikujibu.

"Racheti haitaki bomba. Bomba ni la pawabaa." Akaniuzia pawabaa kwa elfu 25, fimbo tu ya chuma yenye kichwa kinachokunja, haina meno ya kuvunjika ndani. Alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyepaswa kuijua hesabu ile kabla ya kupanda juu ya bomba. Lakini nalo boksi lina lawama yake. Kabla ya siku ile meno ya racheti yalikuwa yameshaanza kuruka nikiwa nafungua bolti za kawaida za namba 14, mkono unapiga hewa na vidole vinakutana na chuma. Racheti ya kueleweka haifanyi hivyo ndani ya mwaka. Sasa natumia nyingine niliyonunua peke yake kwa elfu 40. Ile ndogo ya robo inchi haina shida, nimeitumia kwenye koili (zinazozipa plagi umeme), kwenye betri, mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Soketi ya plagi namba 16 ina kasoro ambayo lazima muijue kabla haijawaumiza. Ndani kuna mpira wa kuishika plagi ili uivute kutoka kwenye shimo lake refu. Mpira wa kwangu haukuwa umegundishwa. Gari lilikuwa limeanza kumisi, yaani injini kukatakata, likipanda mlima, nikafanya kama alivyonielekeza mzee: injini inaunguruma, unachomoa waya wa koili moja moja, na ile ambayo ukiichomoa sauti haibadiliki ndiyo mgonjwa. Ilikuwa ya tatu. Nikazima, nikasubiri injini ipoe kabisa, maana hedi, kichwa cha injini zinapokaa plagi, ni ya aluminiamu na nyuzi zake hazipendi kufunguliwa zikiwa za moto. Nikafungua bolti ya namba kumi inayoshika koili, nikaihamishia ya pili, ugonjwa ukahama nayo. Basi ni koili, si plagi. Ningeishia hapo ningekuwa salama, ila nikasema nikague na plagi. Plagi ya kwanza ilitoka vizuri. Niliporudisha, soketi ikapanda juu peke yake, mpira umebaki chini umeng'ang'ania plagi ndani ya shimo lenye giza. Nilikaa dakika arobaini na tochi ya simu mdomoni na koleo lenye mdomo mwembamba. Siku hizi mpira nimeutupa, nakunja kipande kidogo cha karatasi ndani ya soketi ili plagi ibane.

Vichwa vya bisibisi sahauni. Skrubu za Mjapani zina alama ya msalaba inayofanana na ile ya kawaida, lakini umbo lake si lilelile, na vichwa hivi vinapanda na kuruka vinaacha shimo limelika. Ongezeni na ulaini wa chuma chenyewe.

Halafu boksi lenyewe. Juu na chini vinafanana. Usiku mmoja nimelilaza kifudifudi bila kujua, nikafungua, soketi zote zikamwagika sakafuni na kwenda chini ya kabati, chini ya jokofu, moja mpaka chooni. Nimeandika JUU kwa rangi ya kucha nyekundu. Kifungio kimoja kilikatika mwezi wa nne, nafunga kwa mpira wa tyubu.

Mkienda kununua, mwambieni afungue. Geuzeni racheti kubwa taratibu sikioni, mlio uwe mmoja mmoja usiokosa. Vuteni mpira wa soketi ya plagi kwa kidole. Angalieni namba 10, 12, 14 zina pembe sita. Akikataa kufungua, duka la pili liko hatua kumi.

Kwangu ni nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu hiyo ni ya soketi namba 14 peke yake. Mzee jirani amelikodolea macho boksi hili tangu siku ya nati, huja kuazima Jumamosi asubuhi na kulirudisha limefutwa oili, kila kitu mahali pake. Kipande kimoja tu ndicho kimepotea, namba kumi ndogo, na nimekipoteza mimi mwenyewe. Kipo mahali fulani ndani ya IST. Kila nikikata kona ya kuingia shuleni nakisikia kikibingirika.