Kupitisha taimshiti na kuapdeti maendeleo kwenye Project Online, uzoefu wangu

Naanza na hili maana ndo linawachanganya wengi. Kupitisha taimshiti ya mtu, yaani fomu ya masaa aliyofanya kazi, ni kitu kimoja, kuapdeti kazi imefika wapi ni kitu kingine, na Project Online, programu ya Microsoft ya kusimamia miradi mtandaoni, inakulazimisha uvione hivyo hutaki unataka. Wapo wanaoichukia kwa sababu hiyohiyo. Mi naipendea hapo.

Mi ni mratibu wa miradi kwenye kampuni ya ushauri wa uhandisi hapa Dar, kazi zetu nyingi ni kusimamia ujenzi wa miradi ya maji, mainjinia wengine wako Kigoma, wengine Mtwara, wengine wako ofisini wanachora. Mikataba yetu kadhaa inalipwa kwa muda, yaani unamdai mteja muda ambao mtaalamu wako amefanya kazi, na invoisi isiyo na taimshiti nyuma yake inarudi kama ilivyoenda. Kabla ya Project Online tulikuwa na Excel inayotembea kwenye WhatsApp, ikifika mwisho wa mwezi kila mtu anajaza mwezi mzima kwa kukumbukia, nane nane nane mpaka chini, hadi siku ile ambayo wote tunajua alikuwa msibani Morogoro. Kazi za pesa za wafadhili ndo balaa zaidi, kanuni ya Marekani ya pesa za ruzuku zao, 2 CFR 200.430, inasema wazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa mshahara uliodaiwa, wanataka kumbukumbu ya kazi iliyofanyika kweli.

Sasa ilivyo kwenye programu. Admini, yule anayeiseti programu, anatengeneza vipindi vya kujaza, sisi tunatumia wiki. Mfanyakazi akifungua kipindi anakuta kazi alizopangiwa kwenye plani, yaani ratiba ya mradi, zimeshajipanga, masaa yaliyopangwa anayaona, ya kweli anajaza mwenyewe, likizo na ugonjwa vina mistari yake pembeni. Akituma, taimshiti inaenda kwa yule aliyewekwa kuwa meneja wake wa taimshiti, ambaye kazi yake ni kujiuliza huyu mtu alikuwepo kweli, masaa yanaingia akilini, ruhusa yake imeandikwa? Basi. Ila apdeti ya kazi yenyewe inaenda kwa meneja wa mradi, na mpaka huyo akubali ndo masaa yanaingia kwenye plani. Kuna seti ya kufanya mtu ajaze sehemu moja tu badala ya kujaza taimshiti halafu ajaze tena kazi, iwasheni hiyo siku ya kwanza, injinia aliyeshinda juani hawezi kujaza mara mbili, atakudanganya mojawapo. Hata ukiiwasha lakini, maamuzi yanabaki mawili, la mahudhurio na la plani, na yanaweza kuwa ya watu wawili tofauti.

Ndo maana unakuta mtu analalamika "mbona nimepitisha taimshiti zote na plani haijasogea hata kidogo". Haijasogea kwa sababu amepitisha mahudhurio tu, upande wa kazi bado unamsubiri mtu. Na hata meneja wa mradi akishakubali, plani inatakiwa ichapishwe, yaani itolewe rasmi humo kwenye programu, ndo timu ione tarehe mpya, kuna sehemu admini anaweza kuseti ijichapishe yenyewe, mwulizeni wa kwenu ameweka nini.

Haya, kwenye maendeleo yenyewe. Masaa ni kama dizeli, yanakwambia gari limekunywa lita ngapi, hayakwambii limefika Chalinze au bado liko Kibaha. Chukua kazi ya kukagua ulazaji wa bomba iliyopangiwa masaa 80. Injinia ameshajaza 60, programu inapiga hesabu yake inasema asilimia 75 ya kazi imekwisha, bosi anafurahi, ripoti inaenda kwa mteja. Mpigie injinia simu sasa, usimuulize asilimia, muulize masaa mangapi yamebaki. Anakwambia hamsini, mkandarasi amekutana na mwamba. Ukiingiza hiyo hamsini kwenye safu ya kazi iliyobaki, jumla inakuwa 110, asilimia inashuka mpaka 55 hivi na tarehe ya mwisho inasogea mbele yako. Hiyo safu ya kazi iliyobaki ndo roho ya kitu chote hiki na ndo safu ambayo karibu kila mtu anairuka. Mi sasa hivi apdeti ikija masaa yamejazwa na iliyobaki imejipunguza yenyewe kwa hesabu, wiki baada ya wiki, nairudisha na maoni mafupi tu: "Imebaki kiasi gani kweli?" Wanaichukia hiyo sentensi ofisini, wameifanya utani.

Asilimia nayo iko ya aina zaidi ya moja humo ndani, iko inayohesabu muda wa kazi kwenye kalenda, iko inayohesabu masaa, na iko ya kazi halisi ambayo unaijaza mwenyewe kwa mkono, mfano mita zilizolazwa. Mameneja wawili wakibishana kikaoni kuhusu asilimia, mara nyingi kila mmoja anaangalia safu yake na wote wako sahihi.

Kabla ya kukubali apdeti kuna sehemu ya kuangalia plani itakavyokuwa ukishakubali. Itumieni jamani, hasa kazi zinazofuatana, unakubali masaa ya mchoraji mmoja asubuhi halafu tarehe ya kukabidhi mradi inaruka mwezi mwingine na wewe ndo uliyebonyeza.

Kalenda sasa, hapa hakuna anayekwambia. Inakuja na Jumatatu mpaka Ijumaa, masaa nane kwa siku, na sikukuu zetu haizijui. Saba Saba, Nane Nane, Karume Day, zote unaingiza mwenyewe, ambayo si kazi kubwa. Idi ndo kasheshe, maana mwezi unaandama au hauandami, Mufti anatangaza usiku na asubuhi ofisi imefungwa, wakati plani ilishampangia mtu masaa nane siku hiyo. Usipobadilisha kalenda, wiki hiyo nusu ya taimshiti zitakuja na masaa nane ya Idi kwa sababu watu wanakopi yaliyopangwa wanatuma. Mi naweka siku zote zinazotegemewa, halafu ambayo haikuwa sikukuu naitoa.

Halafu wekeni kikomo cha masaa kwa siku, admini anaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na hata ukiweka ovataimu siku haiwezi kuzidi masaa 12, basi sisi kikomo chetu ni hiyo 12. Ovataimu kisheria inalipwa mara moja na nusu, kwa hiyo meneja anayepitisha bila kusoma anasaini hela.

Wakaguzi kuna kitu kimoja watakipenda: iko seti inayozuia meneja wa mradi kugusa masaa ambayo mfanyakazi amesharipoti, yakitakiwa kubadilika lazima yapitie kwa mwenye taimshiti. Kwetu ilileta kelele kweli, mameneja walizoea "kurekebisha kidogo" mwisho wa mwezi. Mhasibu ndo aliyeishikilia, na mi nilikuwa upande wake.

Netiweki ya saiti ni shida yetu sisi na si ya programu, inatumika kwa brauza na bando likikata hujatuma. Tulikubaliana mwisho ni Jumatatu saa sita mchana, wa mbali anamtumia karani wa ofisi masaa yake kwa meseji na karani anamjazia, hiyo inaruhusiwa kwa kumpa mtu haki ya kufanya kwa niaba. Si nzuri sana kiukaguzi, ila meseji zinatunzwa.

Bei yake ni dola, na ndo hivyo shilingi yetu. Anayejaza masaa tu haitaji leseni kubwa ya meneja, msimnunulie kila mtu ile ya dola 30 kwa mwezi.

Lakini kama ndo mnaanza leo, msianze na hii. Microsoft walishatangaza Project Online inafungwa 30 Septemba 2026 na kuuzia wateja wapya kulisimama 1 Oktoba 2025. Planner, programu yao nyingine wanayoisukuma, ni nzuri kwa kazi za kawaida, taimshiti za kupitisha namna hii haina. Anayetaka utaratibu huuhuu kuna Project Server Subscription Edition, unaweka kwenye seva zako mwenyewe na lazima uwe na mtu wa kuzihudumia, au Dynamics 365 Project Operations ambayo kujaza muda na kupitisha ipo ila ni mfumo mkubwa. Bosi wetu bado anapiga hesabu. Mi kwa sasa navuta mistari yote ya taimshiti za nyuma naiweka Excel, mradi kwa mradi, maana mkaguzi wa mfadhili akija baada ya miaka miwili hataki kusikia habari za programu iliyofungwa.