Nimetumia seti ya slaidi za kitunguu na shanga za kromosomu: nyota tatu kati ya tano

Binti yangu alinijia na daftari lake la biolojia. "Baba, mchoro huu wa seli hauna kromosomu hata moja, na huu wa pili unazo. Zimetoka wapi?" Nikabaki kujikuna kichwa: kromosomu, yaani vile vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi, zingetokeaje tu? Jioni ileile nikaagiza seti hii: slaidi tano za ncha ya mzizi wa kitunguu zilizokwisha kutiwa rangi, mfuko wa shanga za plastiki zenye viungo vya sumaku, na kijitabu cha maelezo. Hadubini haimo. Tangazo lilisema hivyo kwa maandishi madogo mno, nami niliyaona baada ya kulipa. Bahati nzuri nilipata ya kuazima.

Slaidi kwanza, kwa kuwa ndizo zilizoniridhisha. Anza na lenzi ndogo uitafute ncha yenyewe. Nyuma kidogo tu ya kofia ya mzizi utaona seli fupi za mraba zilizobanana; huko ndiko zinakogawanyika. Ukipanda juu zaidi unakuta ndefu ndefu ambazo zimekwisha acha kazi hiyo, na hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima ya kwanza nikidhani nimeuziwa slaidi mbovu. Ukishapata mahali pake, hamia kwenye ukuzaji wa mara 400.

Usitarajie kuona kitu kikitembea. Seli zote zimekufa, kila moja ikiwa katika hatua iliyokuwa nayo wakati mzizi ulipotiwa dawa. Ni kama picha moja ya umati: huyu anakaa, yule anainuka, wa tatu yuko mlangoni. Tulihesabu seli 100 mimi na binti. 87 zilikuwa na kiini cha mviringo tu chenye chengachenga za rangi, 8 zilionyesha nyuzi zilizosokotana, 2 zilikuwa na mstari katikati, 1 ilikuwa na mafungu mawili yanayoachana, na 2 zilikuwa zikimalizia kujitenga. Kwa maneno ya darasani: interfezi, profezi, metafezi, anafezi na telofezi. Binti ndiye aliyegundua maana ya hesabu ile kabla yangu. Hatua inayokutwa katika seli nyingi ndiyo inayochukua muda mrefu, na anafezi hupita upesi ndiyo maana tuliambulia moja.

Ile moja ilikuwa nzuri ajabu, lakini. Kila kromosomu ilikuwa imekunjika kama herufi V, mithili ya kamba iliyoshikwa katikati ikaburutwa, miisho yake ikifuata nyuma. Mahali iliposhikwa ni sentromia, na kinachovuta ni nyuzi za spindeli. Nimeuona mchoro huo tangu shuleni na sikuwahi kujiuliza kwa nini mikono inaelekea nyuma.

Sasa kijitabu. Kimeandika kwamba interfezi ni "hatua ya mapumziko". Si kweli, na kosa hili ndilo hasa lililomchanganya mtoto. Katika interfezi seli inakua, inafanya kazi zake zote, na inanakili DNA yake nzima. Kromosomu zimo kiinini wakati wote. Ila zimelegezwa zikawa nyembamba kiasi kwamba hadubini hii haiwezi kuzitofautisha. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika takriban mita 2, nayo inakaa ndani ya kiini ambacho upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Huwezi kugawa mzigo wa namna hiyo bila kuufunga kwanza. Kufunga huko ndiko kunakozifanya zionekane, na hilo ndilo jibu la swali la daftari. Hata jina lao limetokana na kuonekana huko: mwaka 1888 mwanasayansi Mjerumani Waldeyer aliunganisha maneno ya Kigiriki ya rangi na mwili, kwa vile zilishika rangi ya maabara vizuri.

Kijitabu hichohicho kinaonyesha seli ikibanwa kiunoni mpaka ikakatika. Hiyo ni seli ya mnyama. Kitunguu kina ukuta mgumu, hakibanwi; ukuta mpya hujengwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, na kwenye slaidi unauona kabisa. Unauzaje slaidi za kitunguu na mchoro wa mnyama?

Jambo moja lilitushinda. Kitunguu kina kromosomu 16, nasi hatukuwahi kuzihesabu zikafika, zimelaliana. Nilijisikia mzembe mpaka nilipokumbuka kuwa wataalamu walishikilia kwa zaidi ya miaka 30 kwamba binadamu ana 48, kufuatia hesabu ya mwanasayansi Mmarekani Painter. Ni mwaka 1956 ndipo watafiti Tjio na Levan walipochapisha kwamba ni 46, baada ya seli kuvimbishwa kwa maji yenye chumvi hafifu ili kromosomu zitawanyike. Kumbe tatizo lao lilikuwa letu.

Shanga zina faida yake. Unaunga mkufu mmoja, unatengeneza nakala yake, sumaku inaishikanisha, na ghafla unapata ile herufi X inayochorwa kila mahali. Kwa miaka yote nilidhani kromosomu ina umbo la X kwa asili yake. La, X ni kromosomu iliyokwisha kunakiliwa, nakala mbili bado zimeshikana, na zikiachana kila upande unabaki na mkufu mmoja. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, shanga zinafanya vizuri zaidi, kwa kuwa unaweza kuchomoa kipande cha bluu ukakibadilisha na cha njano. Seti ina jozi mbili tu, hivyo tulipata michanganyiko 4 kabla ya kubadilishana vipande. Kwa jozi 23 za binadamu hesabu hiyohiyo inafika 8,388,608. Binti aliirudia mara tatu kwenye kikokotoo.

Lakini sumaku ni dhaifu, na mbili kati ya nane zilibandikwa kinyume, zikawa zinasukumana badala ya kushikana. Niliandika malalamiko kwa muuzaji. Majuma matatu yamepita, kimya.

Kama una hadubini, nunua slaidi peke yake ikiwa wanaziuza kando. Shanga tumekwisha zibadilisha kwa nyuzi za kufumia za rangi mbili na vishikizo vya nguo katikati, na havijaachia mpaka leo.