Jiko la kuni la kukunja kwa ajili ya hema: uzoefu wangu, kutoka Tabata hadi Makete

Mwezi wa sita, saa nane mchana, nimekaa uani Tabata mbele ya jiko la kuni linalowaka, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Mama mwenye nyumba akatoka, akalitazama bomba, akanitazama na mimi. "Mwanangu, joto la Dar bado halijakutosha?" Nikacheka tu. Jiko lilikuwa la safari ya Makete, na majiko ya aina hii lazima uyachome mara moja nje kabla hujayaingiza hemani.

Watu wa Dar tukisikia baridi tunawaza Lushoto. Nenda Kitulo basi, kule Makete. Uwanda ule uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukiamka mapema unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Mwaka juzi tulilala Matamba, pale unapofika ukishamaliza kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala, na nilivaa kila nguo niliyobeba. Mwenzetu mmoja akataka tuingize jiko la mkaa hemani. Nikamwambia afadhali tugande. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unasinzia nayo ndiyo basi tena. Joto la hemani linataka jiko lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje.

Nilianzia Gerezani, kwa mafundi. Wa kwanza akanionyesha bati la kuezekea: "Bosi, hili jepesi, nakukunjia leo leo." Nikakataa. Bati lile limepakwa zinki, na likipata moto mkali moshi wake mweupe unakuletea homa. Mafundi wenyewe wakilichomelea hukimbilia maziwa. Wa pili alikuwa na bati jeusi nene, kazi yake safi kabisa, mlango unafunga vizuri. Nilipoliinua lilikuwa kama kilo saba, na bomba bado. Ukiwa na gari lako, chukua hilo na usisome zaidi. Mimi nasafiri kwa basi kutoka Mbezi, na pale Chimala napandia chochote kinachopatikana.

Ndipo nikaagiza la titani, la kukunja, kupitia wakala wa mizigo wa Kariakoo. Nililipa zaidi ya mara tatu ya bei ya fundi. Likikunjwa ni bapa kama kompyuta mpakato, na pamoja na bomba lake la mita mbili halikufika kilo mbili na nusu. Titani ina uzito unaozidi kidogo nusu ya chuma, na haishiki kutu. Hapo hela yangu niliiona.

Bomba sasa. Linakuja kama karatasi nyembamba ya chuma iliyoviringwa. Unaikunjua, unaiviringa upya kwa upande wa urefu, unavalisha pete moja moja. Mara ya kwanza inagoma. Unaishika huku, inafyatuka kule, na kingo zake ni wembe. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji, tukahangaika zaidi ya nusu saa, na shemeji akamaliza akinyonya kidole gumba. Ndiyo sababu ya ule moto wa Tabata: likishapata joto kali linazoea umbo, siku nyingine unalivisha pete kwa dakika chache. Linabadilika rangi pia, bluu na dhahabu, kama dizeli juu ya dimbwi. Msishtuke, halijaharibika.

Hema nililotumia ni la turubai la pamba, halina sakafu. Hema la nailoni lingeyeyuka bomba likiligusa tu. Fundi cherehani alinikatia tundu la bomba, akalizungushia kitambaa cha nyuzi za kioo chenye silikoni. Nilipotaka kumweleza namna ya kushona akasema, "Kaka, niachie." Nikamwachia.

Ndani ya Hifadhi ya Kitulo hairuhusiwi kukata wala kuokota kuni, kwa hiyo tulipiga hema kwenye uwanja wa mzee mmoja Matamba, tukanunua kuni kwake. Usiku wa kwanza alitupa za miwati, kavu. Ilibidi nizipasue ziwe nene kama vidole viwili na fupi kuliko rula, maana tumbo la jiko ni dogo. Dakika kumi tu tulikuwa tumevua majaketi. Kweli, dakika kumi. Lakini bati jembamba halitunzi joto: kuni zikiisha, na joto limekwisha. Kila baada ya dakika arobaini hivi nilikuwa napiga magoti kulisha moto, na saa saba usiku nikachoka, nikauacha ufe.

Usiku wa pili miwati iliisha, tukatumia misindano. Ile ina utomvu, masizi yake balaa. Juu ya bomba kuna wavu wa kuzuia cheche zisitoboe hema. Masizi yakauziba, moshi ukageuka ukaanza kutokea mlangoni mwa jiko. Tukafungua hema lote, tukakaa nje tunatetemeka mpaka moto ukazima. Asubuhi niliukwangua ule wavu kwa kijiti. Tangu hapo naukagua kila jioni, hewa naiachia njia chini na juu ya hema, na kengele ndogo ya betri ya kaboni monoksidi naining'iniza karibu na kichwa.

Kwa hiyo silihesabu kuwa jiko la usiku kucha. Nawasha jioni tupike chai na kukausha soksi, nauacha uzime kabla hatujalala, kisha nawasha tena alfajiri kabla mtu hajatoa mguu nje ya blanketi. Usiku wa manane ni kazi ya blanketi na begi zuri la kulalia. Anayetaka moto wa kukesha arudi Gerezani kwa yule fundi wa pili, abebe kilo zake saba.

Malalamiko yangu mawili: kitasa cha mlango kinapata moto kama jiko lenyewe, nimekifunga waya, na miguu ni myembamba, inazama kwenye udongo laini, weka mawe bapa chini. Shemeji ameshaliazima kwa mwezi wa saba. Nimempa na glavu.