Tahadhari kuhusu kapsuli za mimea wanazouziwa wagonjwa wa saratani ya matiti walio kwenye tibakemikali

Ndugu zangu, hususan mlio kwenye matibabu ya saratani ya matiti na mnaowauguza jamaa zenu, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayeingia katika makundi ya wagonjwa kwenye simu, akijitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe, na kuuza kapsuli anazodai kuwa zinaipa nguvu tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, na kuondoa makali yake. Jina lake silitaji. Amekwisha kulibadilisha mara mbili tangu tulipomfahamu, na hilo analotumia leo huenda kesho lisikufae kitu. Nitaeleza maneno yake na namna anavyomwendea mgonjwa, kwa sababu hayo habadilishi.

Aliyeuziwa ni dada yangu. Alikuwa amemaliza mizunguko minne ya doksorubisini na siklofosfamidi, ile dawa nyekundu ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa kuwa hata mkojo hugeuka rangi, na alikuwa ameanza paklitakseli, dawa nyingine ya tibakemikali, ya kila wiki. Vidole vilikuwa vinamfa ganzi kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya blauzi. Siku alipowauliza wenzake kwenye kundi wanafanyaje na ganzi hiyo, muuzaji hakumjibu mbele ya watu, bali alimfuata pembeni, akampa pole nyingi, akamwuliza amefika dozi ya ngapi, kisha akaomba picha za majibu ya vipimo vyake. Nimeyasoma mazungumzo yote. Bidhaa hakuitaja mpaka siku ya tatu, wakati dada tayari anamwita "daktari".

Chupa ilipofika ilikuwa na lebo ya kijani iliyoandikwa "mchanganyiko asilia wa viambato vya mimea", bila kiasi cha kiambato chochote, bila mtengenezaji, bila tarehe ya mwisho wa matumizi. Baadaye niliiloweka katika maji ya vuguvugu, lebo ikabanduka, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya kirutubisho cha maumivu ya viungo kilichokwisha muda wake. Hapo ndipo tulipojua alichokuwa anameza: kurkumini ya manjano, piperini ya pilipili manga, na dondoo ya chai ya kijani yenye miligramu 200 za EGCG, kiambato kikuu cha chai hiyo, katika kila kapsuli. Aliagizwa ameze sita kwa siku.

Kabla ya dozi ya sita ya paklitakseli, vipimo vya damu vilionyesha kuwa vimeng'enya vya ini vimepanda, ishara kwamba ini linaumia, na dozi ikaahirishwa. Daktari akamwuliza kama kuna kitu kingine chochote anachotumia. Dada akasema hakuna, huku macho yake yakiwa sakafuni. Alikuwa ameonywa kwa maandishi: "Usimwambie daktari, hawapendi mimea kwa sababu inawaharibia biashara." Ni muuguzi aliyemtoa neno, kwa kumwuliza taratibu, wakiwa wawili tu, kama kuna hata kitu cha asili anachokitumia nyumbani, ndipo alipoitoa chupa mkobani. Daktari hakudai kwamba kapsuli pekee ndizo zilizoleta tatizo, maana paklitakseli yenyewe yaweza kulisumbua ini. Alimwambia aziache. Vimeng'enya vikashuka, na matibabu yakaendelea, lakini baada ya kupotea wiki tatu ambazo mgonjwa wa saratani hana za kuchezea.

Jambo linalonifanya niandike kwa urefu ni kwamba mtu huyu hasemi uongo mtupu. Huchukua jambo la kweli, akalikata mahali panapomfaa. Alimwambia dada kwamba paklitakseli yenyewe ni mmea, na ni kweli kwamba iligunduliwa katika gome la mti wa Taxus brevifolia wa Marekani, muundo wake ukachapishwa mwaka 1971, na ikaidhinishwa huko kwa saratani ya matiti mwaka 1994. Lakini kati ya gome na dripu kuna miaka mingi ya kupima kiasi, madhara na manufaa. Kama kitu cha mmea kina nguvu ya kuua seli za saratani, basi kitu kingine cha mmea chaweza pia kuwa na nguvu ya kuivuruga dawa hiyo, na hilo ndilo alilolinyamazia.

Vilevile alimtumia picha ya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Armenia kwa wanawake 150 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, ambapo uvimbe ulipungua kwa asilimia 51 ya waliopewa paklitakseli pamoja na kurkumini, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa paklitakseli bila kurkumini. Takwimu hizo ni za kweli. Picha, hata hivyo, ilikuwa imekatwa pale inapoelezwa kwamba kurkumini hiyo iliingizwa kwenye mshipa, mara moja kwa wiki, chini ya uangalizi wa madaktari. Kurkumini inayomezwa haifiki kwenye damu ila kwa kiasi kidogo mno, na utafiti mmoja mdogo kuhusu dripu hauwezi kuwa dhamana ya kapsuli zisizojulikana zilikotoka.

Hapo ndipo anapoingiza piperini, na hapa naomba msome kwa makini. Ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti walionyesha kuwa piperini huongeza mno kiasi cha kurkumini kinachoingia kwenye damu, kwa asilimia 2000. Lakini hufanya hivyo kwa kuzuia njia ambazo utumbo na ini hutumia kuvunja na kutoa vitu vigeni mwilini. Miongoni mwa njia hizo kuna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho ndicho kinachovunja doksitakseli, dawa ndugu ya paklitakseli, na kushiriki kuivunja paklitakseli yenyewe. Ukikizuia, dawa iliyopimwa kwa uzito na kimo chako yaweza kubaki mwilini kwa kiasi ambacho hakuna aliyekikusudia. Na athari yaweza kwenda upande wa pili pia: utafiti wa Rotterdam wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kurkumini pamoja na piperini ilipunguza kwa takriban asilimia 12 kiasi cha endoksifeni, ambayo ndiyo sehemu inayofanya kazi ya tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni wanachopewa wengi wenye saratani ya matiti. Kuhusu EGCG, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku katika virutubisho zinahusiana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Dada alikuwa anameza 1200.

Naomba nisieleweke vibaya, nisije nikawatia watu hofu ya chakula. Manjano ya kwenye mchuzi yana kurkumini ya takriban asilimia 3 tu, na soya, ambayo wengi wameambiwa waikimbie, haikuwadhuru wanawake 5,042 waliowahi kupata saratani ya matiti na kufuatiliwa Shanghai, China. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliokula zaidi vyakula vya soya walikuwa na vifo vichache na saratani iliwarudia kwa uchache zaidi. Kiambato kilichokamuliwa na kushindiliwa ndani ya kapsuli ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo ukipewa chupa ya namna hii, ipeleke yenyewe, si jina lake tu, kwa daktari au mfamasia wa kitengo cha saratani kabla hujameza hata kapsuli moja. Ikiwa umekwisha kuanza, sema kabla ya dozi inayofuata, wala usione haya. Wao wanahitaji kujua ili wasome vipimo vyako sawasawa. Majibu ya vipimo usimtumie mtu usiyemjua. Hifadhi chupa, mazungumzo na risiti ya malipo, kisha ripoti kwa mamlaka ya udhibiti wa dawa ya nchi yako na kwa wasimamizi wa kundi. Na yeyote akuambiaye umfiche daktari wako jambo, hapo hapo kata mazungumzo, hata kama mengine yote aliyosema yanakupendeza.

Tulipomweleza muuzaji kuhusu ini, alijibu kwamba hiyo ni sumu inayotoka, akashauri kapsuli ziongezwe maradufu na tibakemikali "ipumzishwe" miezi miwili. Tulipodai maelezo ya lebo iliyofichwa, akatufungia mawasiliano. Siku tisa baadaye, mwanamke wa kundi jingine alinitumia picha ya chupa ileile ya kijani, ikiwa chini ya jina nisilolijua, pamoja na ujumbe wa kwanza aliopokea: "Pole sana dada yangu, umefika dozi ya ngapi?"