Pale Maji Yenyewe Yanapochora: Tathmini ya Maonyesho ya Sanaa Kuhusu Maji

Kauli kwamba maji ni uhai imerudiwa mara nyingi mno, hata wengi wetu huisikia bila kuitafakari, na ndiyo maana niliingia katika maonyesho haya nikihofia kwamba ningekuta mabango ya kuhimiza tu. Hofu hiyo iliniondoka nilipofika chumba cha pili. Si kila kazi iliyomo imefikia kiwango kimoja, lakini tofauti kati ya zilizofaulu na zilizopwaya inaonekana waziwazi: maji yenyewe yakiachiwa kazi, sanaa inasimama, yakichorwa kama pambo, inalegea.

Kazi inayozidi zote ni ile ya barafu. Bonge la barafu lililotiwa wino wa buluu, ukubwa wake kama debe, limening'inizwa juu ya karatasi nzito nyeupe iliyotandazwa sakafuni, na kadiri linavyoyeyuka, matone huanguka moja moja, hutapakaa, kisha hukauka na kuacha madoa ya duara ambayo kingo zake zimekoza kuliko katikati. Nilichuchumaa pale karibu nusu saa. Tone likiangukia doa bichi, wino wa awali husukumwa pembeni na kuchirizika kama mizizi. Likiangukia doa kavu, hujichorea mpaka wake na kuuheshimu ule wa zamani. Hakuna mkono wa mtu unaoigusa karatasi hiyo. Kila asubuhi huwekwa bonge jipya na karatasi mpya, na zile za siku zilizotangulia zimetundikwa ukutani kwa mpangilio wa tarehe, kiasi kwamba mtazamaji anaweza kutofautisha siku ya joto na siku ya baridi kwa kutazama madoa tu. Maelezo ya pembeni yanakumbusha kwamba maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, ndiyo sababu barafu huelea, na ndiyo sababu ziwa likiganda juu, samaki huendelea kuishi chini. Jambo hilo nililisoma shuleni zamani. Sikuwahi kuliona kuwa ni neema hadi siku hiyo.

Chumba kinachofuata kimetumia hesabu, na kimeitumia vizuri. Maji yote ya dunia yamewakilishwa na lita 100. Mitungi mikubwa ya kioo imebeba lita 97 na nusu za maji ya chumvi, jagi moja limebeba lita 1.7 hivi zinazosimamia barafu na theluji, chupa moja imebeba robo tatu ya lita ya maji yaliyo chini ya ardhi, na mwisho kabisa, juu ya meza iliyotengwa peke yake, kipo kikombe cha kupimia dawa chenye kiasi cha kijiko kidogo kimoja na nusu hivi. Humo ndimo ilimo mito yote na maziwa yote yasiyo na chumvi. Watu walipofika mbele ya kikombe hicho walipunguza sauti bila kuambiwa.

Kisha kuna madumu ya lita 20, ambayo mgeni anaalikwa kuyabeba kufuata mstari uliochorwa sakafuni, kwenda na kurudi. Ni kilo 20 kamili, na nilibadilisha mkono mara tatu. Ukutani, mwisho wa mstari, imeandikwa tarehe 28 Julai 2010, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu. Kuisoma tarehe hiyo vidole vikiwa bado vinauma ni tofauti kabisa na kuisoma katika kitabu.

Ukumbi wa michoro ndio uliolegea. Wachoraji wengi wamelifuata wimbi maarufu ambalo mchoraji Katsushika Hokusai alilitoa Japani mnamo mwaka 1831 hivi, wakachukua umbo lake na kuuacha mvutano wake. Ninamtoa mmoja, aliyetumia rangi za maji kuchora tone moja tu na kuiacha karatasi tupu iwe ndiyo mwanga. Katika Kiswahili neno maji halina umoja, na mbele ya mchoro ule nilihisi kwamba msanii ameupata umoja huo.

Lipo kosa moja ambalo waandaaji wanapaswa kulirekebisha upesi: video ya maporomoko ya maji imewekewa sauti kubwa mno, nayo inavuka ukuta na kuifunika milio ya matone katika chumba cha barafu.

Ninashauri anayekwenda afike mapema, kisha arudi chumba cha barafu kabla ya milango kufungwa. Niliporudi jioni, video ilikuwa imezimwa na bonge limebaki ukubwa wa ngumi. Kila tone lilisikika.