Uzoefu wangu: darasa la piano hapa Mbeya, na kile kifuniko

Nianze na kifuniko, maana ndicho kilichonipandisha hasira. Binti yangu amekaa kwenye piano, mimi nimesimama mlangoni na wazazi wengine. Noti moja ikampotea. Akafanya kile wanachofanya kwenye kwaya ya watoto: akaimba kwa sauti ndogo majina ya noti, "so, mi", ili aitafute. Mwalimu akashika kifuniko cha piano akakishusha kwa kishindo. Mtoto kaponea chupuchupu kubanwa vidole. Halafu bila hata kumwangalia akanigeukia mimi: "Mama, hapa tunasoma noti. Hizo do re mi za kanisani ziacheni huko huko kanisani."

Jamani! Mbele za watu! Na mtoto alipoingia alimpa shikamoo, hakuitikiwa. Nikajisemea labda mtu ana mawazo yake. Lakini la kifuniko, hapana.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, usimpeleke mwanao pale. Jina silitaji, sitaki kuitwa serikali za mtaa.

Kinachoniuma zaidi ni ile dharau. Mimi ni mwimbaji wa kwaya, alto wa siku nyingi, nimekulia kwenye hizo do re mi. John Curwen, mchungaji wa Uingereza, alizieneza karne ya 19 ili hata asiyejua kusoma noti kwenye mistari mitano aweze kuimba wimbo wa sauti nne. Kodály, mwanamuziki wa Hungaria, naye alichukua ishara za mikono za Curwen akafundishia watoto. Huku kwetu kwaya ngapi zinaimba kwa karatasi yenye d r m? Mtoto anayekuja na so na mi kichwani amekuja na mtaji. Mwalimu mwenye busara angemwambia, haya, nionyeshe hiyo so iko wapi hapa. Nusu ya kazi ingekuwa imeisha.

Ila nisiwe mnafiki. Pale pale kuna kijana msaidizi, na yule ni habari nyingine kabisa. Siku mwalimu mkuu alipokuwa na udhuru ndiyo tulimjua. Ilikuwa msimu wa ile baridi yetu, vidole vya watoto vimekakamaa. Hakuwakimbiza kwenye skeli, yaani kupanda na kushuka noti kwa mpangilio. Kwanza aliwapa vikombe vya chai ya moto washike mpaka viganja vipate joto, kisha akawachezesha: gusa pua kwa kidole namba tatu, gusa sikio kwa namba tano, mkono wa kushoto sasa! Dole gumba ndilo namba moja kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo wengi huchanganya, ila kwa kucheka vile waliishika siku hiyo hiyo.

Vitufe vyeusi viwili viwili akaviita pacha, vitatu vitatu akaviita mafiga. Cheupe kinachogusana na pacha upande wa kushoto ni noti ya C. Basi, watoto wakaanza kuwinda C zote kutoka chini mpaka juu.

Mdundo je? Pigo likigawanywa mara mbili ni "ndi-zi", mara tatu "vi-a-zi", mara nne "ma-ha-ra-ge". Wanapiga makofi kwanza, piano baadaye. Nilivyopita na binti yangu Mwanjelwa sokoni ikawa kero, kila meza ya mboga ni mdundo! Mwisho kijana akamwambia binti yangu apige mvua inayoshuka kutoka mlima Loleza, atumie vitufe vyeusi tu. Yeye akashika sauti za chini, mtoto akajitungia juu. Vyeusi peke yake havigombani, popote utakapogusa panakubali, kwa hiyo mtoto haogopi kukosea. Nilitokwa na machozi, nasema kweli.

Basi lile la usimpeleke nilirekebishe: mpeleke, ila siku ya kijana.

Nikamwambia mwalimu mkuu, kwa adabu zote, kwamba ile njia ya kijana inawafaa watoto. Jibu: "Ule ni mchezo, mama, siyo muziki." Mchezo! Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, alikuwa akifundisha mdundo kwa kuwatembeza wanafunzi darasani, hatua kwa hatua. Naye alikuwa hajui muziki? Sikatai, kusoma noti ni lazima, na mkono wake mwenyewe mwalimu huyu ni mzuri, akipiga unasimama. Lakini kupiga na kufundisha ni kazi mbili, na hiyo ya pili hana. Hapana, nafuta tena. Usimpeleke, hata siku ya kijana, maana hujui nani atakuwepo.

Sasa kijana anakuja nyumbani jioni, tuna kinanda kidogo chenye kitufe kimoja kilichokwama. Ametuambia dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, na umeme ukikatika mtoto aendelee mezani kwa vidole na kuhesabu kwa mdomo. Tunafanya hivyo, na anasonga mbele.

Nilipodai ada yangu iliyobaki niliambiwa hairudishwi. Nitarudi wiki ijayo, na safari hii naenda na baba yake.